Zamu ya Munisami

Yeyote yule aliyechagua mahali pa kuweka vibanda vya askari pale Sirupatti alikuwa akiwafikiria bata, si watu. Mbele kulikuwa na bwawa, nyuma mashamba ya mpunga, na katikati, kwenye udongo usiokauka mwaka mzima, ndipo kikosi cha Wahindi wa Madras kilipoambiwa kijenge. Mvua zikianza, vyura waliingia ndani bila hodi, na homa ikaja nyuma yao. Na kwa kuwa askari wa Madras hahami peke yake, bali huhama na mke, mama, watoto, kuku na jiwe la kusagia, homa ilipopita safu kwa safu haikukosa wa kumshika. Maofisa wa Kiingereza walikaa ng'ambo ya bwawa, kwenye nyumba zenye baraza pana. Nao waliugua vilevile, ila waliugua kwenye vitanda vizuri.

Ponnutai, mke wa Sajenti Vadivel, alimzika mwanawe Chinnan katika mvua za mwaka uliopita. Alibakiwa na Valli, binti wa miaka mitatu mwenye sauti ya kushinda buruji la kikosi. Tangu hapo Ponnutai hakutazama mawingu kama watu wengine wanavyoyatazama. Wakulima wa Sirupatti walikuwa wakiomba mvua iwahi. Yeye alikuwa akiomba ichelewe, mpaka ampeleke Valli mahali pakavu.

Na mahali pakavu palikuwapo. Aliyepaona alikuwa daktari wa kikosi, Mwingereza mwembamba aitwaye Hobbs, mtu mwenye tabia ya kuminya matumbo ya watoto. Aliingia kibanda kimoja baada ya kingine, akamlaza mtoto chali, akambonyeza ubavuni kutafuta bandama iliyovimba, kisha akatikisa kichwa. Watoto walimpa jina la Bwana Mminyaji, na wakimwona kwa mbali walikimbia wameshika matumbo. Kitamil chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno moja alilijua barabara.

"Juu," alimwambia Ponnutai siku alipomminya Valli, akinyoosha kidole kwenye kilima cha mawe kilichokuwa upande wa magharibi. "Chini hewa mbaya. Juu hewa nzuri. Mtoto nono."

Ponnutai alikitazama kile kilima. Kilikuwa kifupi, chenye upepo mchana kutwa na kisima cha zamani ambacho maji yake hayakuwahi kukauka. Angepanda siku ileile, na mtoto mgongoni. Lakini pale kileleni palikuwa na mwenyewe.

Chini ya mti mmoja mkongwe wa mvumo palikuwa na jiwe lililopakwa mafuta na manjano, na kando yake mkuki wa chuma umechomekwa ardhini. Hapo ndipo alipokaa Munisami, mungu mlinzi. Kila mtu wa Sirupatti alijua kwamba jua likitua Munisami hushuka na mbwa wake na rungu lake, akazunguka mipaka hadi alfajiri. Mtu hajengi kwenye njia yake. Mtu hata halali karibu na njia yake, akiwa bado anaupenda uti wake wa mgongo.

Daktari Hobbs, kwa nia njema kabisa, aliharibu mambo. Alitaka kuwaonyesha askari kwamba kilimani hakuna la kuogopa, kwa hiyo akapandisha kitanda chake cha safari akalala huko. Umande ulimlowesha. Asubuhi wanawake waliokwenda kuokota kuni walimkuta Munisami, yaani mkuki wake, umevaa suruali ya Kiingereza iliyoanikwa ikauke. Daktari alishuka akipiga chafya na kuchechemea, maana alijikwaa kwenye jiwe. Kufika saa sita mchana kambi nzima ilikuwa inajua kwamba Munisami amemzaba kofi daktari. Kufika jioni makofi yalikuwa matatu, na mbwa naye alikuwa amekwisha kumuuma.

Kanali alikuwa mtu wa haki, kwa namna yake. Desturi ya jeshi lile ilikuwa askari kujijengea vibanda kwa mikono yao, na yeye hakutaka kumlazimisha mtu ajenge mahali asipotaka kulala. Akatangaza kwenye gwaride: askari wakikubali, kilima ni chao. Wasipokubali kabla ya mvua, kilima hicho watapewa farasi wa mizinga, kwani nao wanakohoa.

"Farasi," alisema Ponnutai, akimpakulia mumewe wali na mchuzi wa ukwaju. "Farasi wakae juu wapunge upepo, na mwanangu akae chini na vyura."

"Farasi hawamwogopi Munisami," alisema Vadivel.

"Baba Valli, wewe ulipigana na Waburma."

"Waburma walikuwa watu. Huyu simwoni, na ana mbwa." Vadivel alikuwa mwanamume wa miraba minne na hakuona haya kusema anachokiogopa. Ndiyo sababu mojawapo ya mkewe kumpenda. "Na hata mimi nikikubali, mzee Subedari hakubali. Na Subedari asipokubali, hapandi mtu."

Subedari Irulappan ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari Wahindi wote kikosini. Alikuwa na masharubu aliyoyapaka mafuta kila asubuhi na risasi mbili mwilini ambazo hakuna daktari aliyethubutu kuzitoa. Mbele ya mizinga hakuwahi kupepesa jicho. Lakini lilipotajwa jina la Munisami, masharubu yale yalishuka kidogo.

Mwishowe, baada ya wanawake kumsumbua kwa zamu mpaka akakosa pa kunywea kahawa yake, Subedari alikata maneno: mungu mwenyewe aulizwe. Njia ya kumuuliza ilikuwa ileile ya tangu mababu. Maua meupe yanafungwa katika jani la mgomba, maua mekundu katika jani jingine, na vifurushi viwili vinawekwa mbele ya jiwe. Swali linaulizwa, kisha mtoto asiyejua kitu anaokota kimoja. Meupe ni ndiyo, mekundu ni hapana. Kifurushi kisichookotwa hutupwa kisimani bila kufunguliwa, maana jibu moja linatosha.

Mama mkwe wa Ponnutai, bibi Pechi, mwanamke mfupi aliyetafuna tambuu tangu anapoamka, alimvuta mkwewe pembeni. "Mwanangu, yasmini ni nyingi mwaka huu. Mtu akifunga nyeupe huku na nyeupe huku, nani atajua?"

"Mama, yeye mwenyewe atajua."

"Ana shughuli nyingi yule."

"Nimesikia," ilisema sauti nzito nyuma yao. Subedari alikuwa amesimama na fimbo yake. "Maua nitafunga mimi kwa mkono wangu. Na mtu atakayemfanyia Munisami mchezo, ataanza na mimi kabla hajafika kwake."

Bibi Pechi alitema tambuu kwa heshima na kujitia hamnazo.

Siku ya swali kambi nzima ilipanda. Velan mfinyanzi, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa wahudumu wa jiwe lile, alichoma ubani na kumwaga tembo la mvumo. Subedari akaweka vifurushi, akasimama wima kama mbele ya Kanali, akauliza kwa sauti: "Munisami, tuhamie juu ya kilima chako? Ndiyo au hapana?" Mtoto mmoja wa mpiga ngoma akasukumwa mbele, akaokota. Velan akafungua jani.

Yalikuwa mekundu, mekundu ya damu.

Watu walishuka. Ponnutai alimbeba Valli mgongoni njia nzima, na alilia waziwazi, hakujificha. Huku magharibi palikuwa na wingu moja dogo. Siku tatu zilizofuata, yasmini zilizochanua mlangoni alizipita kama mawe.

Basi ikatokea asubuhi moja anatoka kuteka maji, na njia yake ilipita karibu na ghala la baruti. Mlinzi wa ghala siku hiyo alikuwa askari mpya, shingo nyembamba, bunduki inamzidi urefu. Subedari Irulappan akaja kwa haraka, amechelewa gwaride, akataka kukatiza nyuma ya ghala. Yule askari akaweka bunduki mbele ya kifua chake.

"Siwezi kukupitisha, mzee."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mzee. Hata miguu inanitetemeka. Lakini hapa nimewekwa na sajenti wa zamu, na hajaniambia nimpitishe mtu."

Ponnutai alisimama na mtungi wake akingojea kofi. Kofi halikuja. Subedari alisokota masharubu, uso ukamchanua. "Vizuri sana," alisema. "Mlinzi anayempitisha mtu kwa kuombwa tu si mlinzi. Ungenipitisha ningekufunga." Akazunguka njia ndefu, akipiga mluzi.

Ponnutai akabaki pale. Maji yalikuwa yakimwagika begani na hakuyasikia. Halafu akaanza kucheka peke yake, akautua mtungi katikati ya njia, akakimbia kumtafuta mama mkwe.

Mwanamke kijana hamsemeshi Subedari uso kwa uso. Jioni ile, askari wakiwa wamekaa barazani kwa Subedari wakivuta tumbaku, Ponnutai alisimama nyuma ya nguzo, kitambaa kichwani, na bibi Pechi akasimama mbele ya nguzo.

"Mama," alisema Ponnutai, kwa sauti iliyofika hadi bwawani, "mwambie mzee kwamba alimuuliza Munisami vibaya."

"Anasema ulimuuliza vibaya," alisema bibi Pechi.

"Nimesikia. Si kiziwi."

"Usinikatize, mimi ndiye mdomo hapa. Sema, mwanangu."

"Mwambie, Munisami ni mlinzi. Yupo lindoni. Na sisi tulikwenda mikono mitupu tukamwomba atupishe. Yule kijana wa baruti alimkatalia mzee mwenyewe, na mzee akamsifu. Munisami naye alitukatalia. Kwa nini tunanuna? Alifanya kazi yake."

Sasa bibi Pechi alisahau kurudia, na hakuna aliyemkumbusha.

"Endelea," alisema Subedari polepole, akiiangalia nguzo.

"Mwambie, mlinzi haombwi aondoke. Mlinzi hupewa lindo. Hivi sasa analinda mawe na mbuzi. Tumpe kambi. Tuiache njia yake wazi kutoka kwenye mvumo mpaka kisimani, nyumba zikae huku na huku, milango itazame njia, apite na mbwa wake na alizungushe rungu bila kugonga paa la mtu. Tumwandike kikosini. Kisha tumuulize: utatulindia watoto?"

Vadivel alikuwa anamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwoa. Sajenti mmoja mzee akasema taratibu, "Na akiwa wa kikosi, atahitaji kibanda cha mlinzi." Mwingine akasema, "Na mshipi." Wa tatu akasema mbwa naye apewe posho ya nyama. Dakika hiyohiyo wakaanza kubishana kama Munisami aandikwe askari wa kawaida au sajenti, na mtu mmoja aliyekuwa akivuta tumbaku akasema kwa umri wake ni lazima awe juu ya Subedari.

"Sajenti," alisema Subedari. "Wa juu yangu ni Kanali tu. Tutamuuliza tena keshokutwa."

Daktari Hobbs alipoelezwa mpango, alitaka kwanza kujua upana wa ile njia. Alipoonyeshwa, alirusha kofia yake juu. Kumbe yeye tangu mwanzo alitaka barabara pana katikati ili upepo upite kila mlango, na Kanali alimkatalia akisema ni kupoteza ardhi. Kanali naye, alipoambiwa kwamba anayeitaka ardhi hiyo ni mungu, alikuna kidevu, akasema hawezi kushindana na mungu na daktari kwa siku moja. Daktari, kwa ajili ya ile suruali, akapeleka boksi la sigara nzuri na kuliweka mbele ya jiwe, akainama mpaka miwani ikamwanguka. Askari walimsamehe papo hapo. Munisami, kwa kadiri walivyoweza kuona, hakuzikataa sigara.

Mara ya pili walipanda na ngoma na buruji, na kikosi kikiwa kimevaa nguo za gwaride. Askari wawili walisimamisha kibanda cha mlinzi kando ya mvumo, wakalivisha jiwe mshipi mwekundu. Mawingu yalikuwa yamekwisha jaa upande wa magharibi na upepo ulikuwa na harufu ya udongo. Ponnutai alimshika Valli mkono, akaukaza, kwani hapangekuwa na mara ya tatu.

Subedari aliweka vifurushi alivyofunga mwenyewe. Akapiga saluti.

"Sajenti Munisami. Unapewa lindo la kambi hii, kutoka kwenye mvumo mpaka kisimani. Unakabidhiwa wanawake na watoto wote wa kikosi. Upo?"

Mtoto wa mpiga ngoma, aliyeokota mekundu, alikuwa amejificha kwa mama yake na hakubanduka. Watu wakatazamana. Valli akachomoka mkononi mwa mama yake, kwa kuwa aliona majani mazuri, akaenda mwendo wa bata hadi mbele ya jiwe, akaokota kifurushi, akajaribu kukila.

Velan alimpokonya kwa upole, akafungua. Meupe.

Yaliyofuata si rahisi kuyasimulia kwa mpangilio. Wapiga ngoma walipiga kila mmoja lake. Bibi Pechi alicheza na Daktari Hobbs, au tuseme alimzunguka na daktari akapiga makofi. Vadivel alimrusha Valli juu mpaka Valli akadai arushwe tena na tena. Wengine walikuwa wameshaanza kupima viwanja kwa hatua na kugombania kukaa karibu na kisima. Ponnutai alicheka hadi mbavu zikamuuma, na katikati ya kicheko alimkumbuka Chinnan, akalia kidogo, akaendelea kucheka.

Mtu akamkumbusha kwamba kifurushi cha pili bado kiko mbele ya jiwe, na kwa kuwa mwanawe ndiye aliyeokota, yeye ndiye wa kukitupa kisimani. Alikuta mbuzi wa Velan amekitangulia. Alimfukuza, lakini kamba ilikuwa imekwisha tafunwa na jani limepasuka. Alipoliokota, maua yakammwagikia kiganjani.

Yalikuwa yasmini, meupe pe.

Ponnutai aliinua macho. Watu wote walikuwa huko wakipima viwanja. Aliyesimama karibu na jiwe alikuwa Subedari Irulappan peke yake, akiukaza mshipi wa Munisami, na masharubu yake yalikuwa yameshuka.

Hapakuwa na nguzo, wala mama mkwe. Ponnutai akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Mzee, na haya ni meupe."

Subedari hakugeuka. "Mwaka jana mimi ndiye niliyembeba mwanao kumpeleka kaburini," alisema. "Unakumbuka? Baba yake alishindwa. Alikuwa mwepesi kuliko bunduki yangu."

"Nakumbuka, mzee."

"Basi. Wewe mwenyewe ulisema yeye ni askari. Askari haulizwi kama anataka zamu, mwanangu. Anapangiwa."

"Na akikasirika?"

Subedari alimaliza kufunga mshipi, akarudi nyuma hatua moja, akalipigia jiwe saluti. Kisha akaonyesha kwa fimbo vigingi vinne vilivyochomekwa tayari, hatua chache kutoka kwenye jiwe, mahali ambapo hakuna askari mwingine aliyekuwa akipagombania.

"Akikasirika hana haja ya kutafuta mbali. Kibanda changu ni hicho hapo, cha kwanza kwenye njia yake."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jiwe, na la pili. Ponnutai akayakusanya yale maua yote kiganjani, hakuacha hata moja, akayachomeka kwenye nywele zake pamoja na yale aliyoyavaa tangu asubuhi, hata ikawa hakuna ambaye angeweza kuyatofautisha. Kisha akamwita Valli, akamweka chini ya paa la kibanda cha mlinzi asilowe, na akashuka kulifuata jiwe lake la kusagia.